Vidonge vya Majira kwa Asiyepanga Uzazi: Tiba ya Homoni kwa Endometriosisi Iliyozama



Nitaanza na pakiti ya vidonge. Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliingia chumbani kwangu pamoja na mama yake. Nilimkaribisha kiti. Alikaa kiupandeupande, uzito wote kauweka kwenye paja la kushoto, mkono mmoja kashika ukingo wa meza. Mama ndiye aliyesimulia. Tumbo lilianza mwaka aliovunja ungo. Ametibiwa minyoo, ametibiwa homa ya matumbo, amekunywa dozi za maambukizi ya via vya uzazi mara nne. Akatolewa kidole tumbo, na mwezi uliofuata maumivu yakarudi yaleyale. Binti mwenyewe alisema jambo moja tu, macho yake sakafuni: "Daktari, nikiwa kwenye siku zangu, kwenda haja kubwa ni kama nakalia kigae cha chupa."

Kwa ridhaa yake nilimpima kupitia puru. Nyuma ya mlango wa kizazi kidole kilikuta kinundu kigumu, ukubwa wa kokwa ya zambarau, kimeng'ang'ania palepale. Nilipokigusa tu, aliruka. Kwa miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu choo, wala hakuna aliyepapasa pale.

Nilimwandikia vidonge. Siku ya tatu mama alirudi peke yake, akaiweka pakiti mezani, haijafunguliwa. "Daktari, mwanangu hajaolewa. Hizi si dawa za kuzuia mimba?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, lakini..." Na kwenye lile "lakini" nikawa nimeshampoteza. Alishukuru kwa adabu, akaondoka. Pakiti ikabaki kwangu.

Mhadhara huu ndio jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Ndani ya mji wa mimba mna ukuta laini ambao kila mwezi hujijenga kwa amri ya homoni ya estrojeni, na mimba isipotunga humomonyoka na kutoka kama damu ya hedhi. Katika ugonjwa wa endometriosisi, tishu inayofanana na ukuta huo huota mahali pasipo pake: kwenye ovari, kwenye utando wa tumbo, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Huko ilikoota nayo huitikia homoni. Huvimba, huvuja damu, huamsha uchungu na uvimbe, kisha huacha kovu. Mwezi ujao hurudia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani karibu watu milioni 190.

Kwa wengi vidonda hubaki juujuu ya utando. Kwa baadhi yao huchimba. Kwa desturi tunaita endometriosisi iliyozama pale kidonda kinapoingia zaidi ya milimita 5 chini ya utando wa tumbo. Hupenda mishikizo iliyo nyuma ya mji wa mimba, nafasi kati ya uke na puru, utumbo mpana, kibofu, na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Ndiyo maana dalili zake hazikai tumboni tu. Mwanamke huumia akijisaidia, huumia akikojoa, huumia akikutana na mumewe, na hili la mwisho kwetu halisemwi mbele ya mtu. Wengine hubeba siri hiyo mpaka ndoa inavunjika, na watu husema mke alikuwa mkaidi.

Pwani wazee wetu wana neno lake, chango. Chango la uzazi. Naliheshimu neno hilo, kwa sababu walioliunda walitambua kwamba yako maumivu ya hedhi yanayopita kawaida. Tatizo ni kinachofuata baada ya neno kutajwa. Binti huambiwa avumilie, au apewe mizizi, au aolewe haraka kwa kuwa "ukizaa litaisha." Nitarudi kwenye kauli hiyo ya kuzaa, maana ina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Kabla ya hapo niseme jambo la aibu katika fani yangu. Kwa miongo mingi ya karne iliyopita vitabu vya tiba vilifundisha kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake weupe, wenye kipato, wanaochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi mwenye maumivu ya nyonga alihesabiwa kuwa na maambukizi ya zinaa tangu mlangoni. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha matokeo ya wagonjwa wake weusi aliowachungulia tumboni kwa upasuaji wa matundu: zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na endometriosisi, na si wachache kati yao walikuwa wamekwisha kuambiwa wana maambukizi ya via vya uzazi. Ni takriban miaka 50 sasa. Binti wa kigae cha chupa alipewa dozi nne za antibiotiki kwa fundisho lilelile ambalo Chatman alishalivunja.

Kwetu ukimya umevunjwa na wagonjwa wenyewe kuliko sisi madaktari. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alijitokeza hadharani akaeleza ugonjwa wake wakati ambapo wengi hawakuwa wamewahi hata kulisikia jina. Kenya ilikuwa na mtangazaji Njambi Koikai, ambaye ugonjwa ulimpanda mpaka kifuani, akatibiwa nje ya nchi, akarudi akaendelea kuwasemea wenzake hadi alipofariki Juni 2024. Leo kuna wasichana wanaoingia kliniki wakisema, "Daktari, nadhani nina ule ugonjwa wa Njambi." Hiyo ni kazi ambayo vitabu vyetu havikuifanya.

Sasa twende kwenye dawa.

Zamani madaktari waliona kwamba baadhi ya wagonjwa wakishika mimba hupata nafuu. Bibi zetu waliona hilohilo, ndipo ikatoka ile kauli ya kuzaa. Katika miaka ya 1950 Robert Kistner wa Boston alijiuliza: je, tukimpa mwanamke homoni za mimba bila mimba? Akawapa wagonjwa estrojeni na projestini mfululizo, kwa dozi kubwa, hedhi ikasimama kwa miezi. Tiba hiyo iliitwa ujauzito bandia. Dozi zile zilikuwa kali, wengi walitapika na kuvimba, lakini wazo ndilo tunalolitumia hadi leo. Kumbe bibi aliona sawasawa, ila tafsiri yake ilimdhuru mjukuu. Mimba ni mtoto, haiandikwi kama dawa. Na nafuu inayokuja nayo mara nyingi huondoka hedhi ikirudi.

Ikafuata danazoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1976. Ilituliza maumivu kweli, lakini ina tabia ya homoni za kiume. Wanawake walipata chunusi, ndevu, na wengine sauti ikawa nzito, isirudi hata baada ya kuacha dawa. Sauti ya mama inayombembeleza mtoto ni gharama kubwa. Leo hatuianzi kama kuna njia nyingine.

Kizazi cha tatu cha dawa kilitokana na kazi ya Andrew Schally na Roger Guillemin, walioshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1977. Walichambua maelfu kwa maelfu ya bongo za nguruwe na kondoo hadi wakaipata homoni ndogo inayotoka kwenye ubongo kuiamsha tezi ya pituitari, nayo tezi ikaziamsha ovari. Homoni hiyo hutoka kwa mapigo, moja kila baada ya saa moja hadi mbili. Ukiimwaga mfululizo, hufanya kinyume. Ni kama mgeni anayepiga hodi. Akibisha mara moja akasubiri, wenyeji wataitika. Akibisha usiku kucha bila kunyamaza, wataziba masikio. Ndivyo zinavyofanya kazi sindano kama lyuprorelini na goserelini: wiki za kwanza ovari huchangamka, hata maumivu yanaweza kuzidi kidogo, kisha tezi inaacha kuitika, ovari zinalala, na mwanamke wa miaka 25 anaingia katika hali ya aliyekoma hedhi. Maumivu hupungua sana. Lakini hupandwa na joto usiku, usingizi hukatika, na mifupa huanza kupoteza madini yake. Ndiyo maana sindano hizi zikitumika peke yake hatuzipitishi miezi 6, na zikihitajika zaidi ya hapo tunarudisha kiasi kidogo cha homoni kulinda mifupa. Siku hizi ziko pia dawa za kumeza zinazozuia njia hiyohiyo mara moja, bila kuichangamsha kwanza: elagoliksi iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2018, na relugoliksi pamoja na homoni za kulinda mifupa mwaka 2022. Ni hatua nzuri. Kwa mwalimu wa shule ya msingi anayelipa kutoka mfukoni, bado ziko mbali.

Kwa hiyo nataka kukaa zaidi kwenye dawa ambazo haziko mbali.

Zimo kabatini katika zahanati zetu, chini ya kibao kilichoandikwa "Uzazi wa Mpango." Sindano ya miezi mitatu ni medroksiprojesteroni miligramu 150. Vijiti vya mkononi vina projestini. Vidonge vya majira vina estrojeni kidogo na projestini. Kuna na kitanzi chenye homoni ya levonorjestreli, kisichopatikana kila mahali. Mbali na kabati hilo, famasi zinaweza kuwa na norethisteroni ya miligramu 5, na mahali pengine dienojesti ya miligramu 2, inayoandikwa hasa kwa ugonjwa huu. Zote hizi zina kiungo cha familia moja, projestini, na projestini ndiyo mhimili wa tiba.

Inafanya nini? Kwa dozi ya kutosha, hulaza ovari ili yai lisipevuke na estrojeni ipungue. Na huko kwenye kidonda chenyewe huifanya ile tishu inyauke badala ya kujijenga na kuvuja. Hedhi ikisimama, kidonda nacho hukosa ratiba yake ya kila mwezi. Wagonjwa huniuliza damu inakwenda wapi, wakihofia imejaa tumboni na itawadhuru. Haijaenda popote, kwa sababu haikutengenezwa. Ukuta haukujengwa, basi hakuna cha kubomoka. Naomba wanafunzi mlishike jibu hili, maana mtaulizwa kila siku, na asiyejibiwa ataacha dawa.

Itazameni pakiti ya vidonge vya majira. Nyingi zinazogawiwa kwetu zina vidonge 28: 21 vyeupe na 7 vya rangi ya udongo. Vile vyeupe ndivyo vyenye homoni. Vile 7 ni vya madini ya chuma, na mwanamke akifika hapo hupata hedhi. Kwa anayepanga uzazi mpango huo hauna shida. Kwa mwenye endometriosisi, zile siku 7 ndizo siku za mateso, nasi tumempangia wenyewe. Mgonjwa wangu namwambia: ukimaliza vyeupe, viache vya udongo, fungua pakiti nyingine kesho yake. Utafiti na uzoefu vimeonyesha kwamba mwili hauhitaji ile hedhi ya pakiti. Nimeona wanawake waliohangaika miaka wakipata nafuu kwa maelekezo hayo tu, bila dawa mpya. Lakini asianze mtu kwa kusikia hapa. Mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, anayeumwa kipandauso chenye kuona mimweko, au anayevuta sigara na amepita miaka 35, vidonge vyenye estrojeni vinaweza kumuua. Huyo humfaa projestini peke yake. Na anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu amweleze mhudumu, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti, na efavirenzi nayo hudhoofisha vijiti.

Je, kweli zinasaidia ugonjwa ukiwa umezama? Swali hilo liliulizwa vizuri Milan, Italia. Paolo Vercellini na wenzake walichukua wanawake 90 wenye vinundu kati ya uke na puru, nusu wakapewa vidonge vya mchanganyiko mfululizo, nusu norethisteroni miligramu 2.5 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Baada ya miezi 12, asilimia 62 ya kundi la kwanza na asilimia 73 ya kundi la pili walisema wameridhika na tiba. Hao ni wagonjwa wa aina ya binti wa kigae cha chupa, na dawa zenyewe ni za bei ya chini. Mwaka 2024 ukatoka utafiti wa Uingereza wa wanawake 405 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa endometriosisi, ingawa si wote walikuwa na ugonjwa uliozama. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi chenye homoni vililinganishwa na vidonge vya mchanganyiko, na baada ya miaka 3 nafuu ya maumivu ilikaribiana. Tafsiri yangu ni hii: mwanamke achague njia inayolingana na maisha yake, asiambiwe kwamba bila dawa fulani ya gharama hana tiba.

Sasa upande wa pili, na hapa nawasihi mnisikilize kwa makini, kwa kuwa ahadi ya uongo huua imani kuliko maumivu yenyewe.

Homoni hailing'oi gonjwa hili. Hulilaza, kama makaa yaliyofukiwa jivuni. Kinundu kilichozama ni kovu na misuli kwa sehemu kubwa, na kovu halisikii homoni. Mara nyingi ukubwa wake hubaki palepale hata mgonjwa akiwa na nafuu. Akiacha dawa, maumivu mengi hurudi. Kwa hiyo hii ni tiba ya miaka, kama ya shinikizo la damu, na mgonjwa aambiwe hivyo siku ya kwanza. Wako pia wanaomeza kwa uaminifu na wasipate nafuu, kwa sababu vidonda vyao haviitikii projestini. Huyo si mkaidi wala mwongo. Abadilishiwe dawa, au apelekwe kwa wapasuaji.

Kila dawa ina adha zake. Matone ya damu yasiyo na ratiba katika miezi ya kwanza ndiyo huwatorosha wengi. Wengine hunenepa, wengine moyo huwa mzito, na hilo la moyo tusilidharau. Sindano ya miezi mitatu hupunguza madini ya mifupa kwa muda inapotumika, na mwanamke akiiacha anaweza kukaa karibu mwaka kabla ya kushika mimba. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walionyesha pia uhusiano kati ya kuitumia zaidi ya mwaka mmoja na uvimbe wa utando wa ubongo uitwao meninjioma. Uvimbe huo ni wa nadra sana, lakini anayechoma sindano kwa miaka ana haki ya kujua.

Na anayetafuta mtoto? Dawa hizi kwa kawaida huzuia mimba zinapotumika, wala kuzitumia kwanza miezi 6 hakuongezi uwezekano wa kushika baadaye. Mwongozo wa jumuiya ya wataalamu wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 unasema wazi kwamba homoni za kulaza zisitolewe kwa lengo la kuongeza uzazi. Mwanamke wa namna hiyo anahitaji njia nyingine, na kumwekea kijiti kisha kumwambia asubiri ni kumpotezea umri.

Liko moja linalonikosesha usingizi. Kinundu kikibana mrija wa mkojo, figo hujaa maji na kufa kimyakimya, bila maumivu yoyote ya pekee. Nimemwona mwanamke aliyefurahia nafuu ya homoni kwa miaka miwili, na tulipompima, figo moja ilikuwa imekwisha. Dawa ilikuwa imetuliza tumbo, sisi tukadhani tumemaliza kazi. Yeyote mwenye kinundu kilichozama apigwe altrasaundi ya figo kabla ya kuanza dawa na baada yake. Kipimo hicho kipo hata wilayani, ni cha dakika kumi. Mrija uliobanwa, au utumbo uliozibwa, ni kazi ya kisu. Hapo homoni haitoshi.

Narudi kwa yule mama na pakiti yake. Alikuwa sahihi: ni dawa za kuzuia mimba. Ningemwambia hivyo bila "lakini." Ningemwambia: mama, ndizo hizo, na homoni ileile inayozuia yai ndiyo inayolaza kidonda kilicho nyuma ya kizazi cha mwanao. Hazitamfundisha umalaya, hazitamchoma kizazi, na siku atakapoolewa na kutaka mtoto ataziacha. Ningemwonyesha mahali kinundu kilipo, kwenye mchoro. Ningemwita baba pia kama wangetaka. Ingechukua robo saa.

Binti alirudi mwaka uliofuata, safari hii peke yake, kachoka na amekonda. Alianza dawa siku ile. Baada ya miezi minne aliketi kwenye kiti changu kama watu wote wanavyoketi.

Wauguzi na wafamasia mliopo hapa, ninyi ndio mnaokutana naye kwanza, dirishani, foleni ikiwa ndefu. Binti asiyeolewa akifika na cheti cha vidonge vya majira, msimtazame mara mbili, wala msimuulize ana mchumba gani. Muulizeni kama anaumia akienda haja akiwa kwenye siku zake. Akisema ndiyo, mpeni dawa yake, mwelezeni anavyoimeza, na mwandikieni altrasaundi ya figo.